Kutoka Makao Makuu Hadi Dubai, Kumfuata Mke Mwenzangu

Wenzangu wa kikundi cha zabibu,

Kila nikifika shambani mnanikalisha chini, Dubai kukoje, Dubai kukoje. Huyu nimempa habari ya ndege, yule nimempa habari ya mlenda, mwisho mnakutana bombani mnagombana nani anasema kweli. Nimechoka. Nimeandika yote hapa, msome kwa zamu. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, atakayeona kosa alisahihishe kimya kimya. Habari za pasipoti na viza sitazieleza. Zilinichosha mimi, hazina haja ya kuwachosha na ninyi.

Nilichofuata wengine mnakijua, wengine mmekisikia nusu. Binti yangu Nyemo anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Dubai Marina. Mumewe Lameck alikuwa fundi nondo hukohuko. Mwaka ule kazi za maghorofa ziliposimama, kampuni yake ikamhamishia nchi nyingine ya Kiarabu, kambini, wanaume watupu. Mtoto wao Leah, wa miaka mitano, alikuwa anakaa Dubai kwa kibali cha baba yake. Baba akihama, kibali cha mtoto kinakufa. Nyemo akanipigia simu.

"Mama, njoo umchukue Leah kabla mwezi haujaisha. Lakini hakujui. Akikukataa simlazimishi. Naacha kazi, tunarudi wote."

Akiacha kazi, ile nyumba yao hapa kiwanjani kwetu, iliyofika kwenye linta, inabaki hivyo mpaka mbuzi waipande. Na sheria ya viwanja vya mji huu mnaijua: usipojenga, anapewa mwenzio. Basi kazi yangu ilikuwa moja, mtoto anikubali. Mzee wangu alinisindikiza stendi akaniambia, "Mwambie Leah, mke wangu mdogo, namngoja." Nikamwambia nyamaza, kikongwe wewe.

Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi

Njia ya Dodoma hadi Dar mnaijua, sina la kuongeza. Ndege ya kwanza ilinishusha Nairobi. Nyemo alikuwa amepanga nikutane hapo na rafiki yake wanayekaa naye chumba kimoja, Nafula, Mkenya wa magharibi kule, mlinzi wa getini kwenye jengo la maofisi. Alikuwa anarudi Dubai kutoka likizo. Msichana mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema, na bibi kwake ni shosho.

"Shosho! Karibu Nairobi. Wewe ndio mamake Nyemo? Mnafanana hadi miguu."

Ndege yetu ikachelewa. Walisema saa moja, ikawa mbili, ikawa nusu siku. Viti vya pale ni vya chuma, vinakaa baridi hata ukivikalia. Nikatoa karanga zangu tukala. Nafula akaanza maneno.

"Mimi nilishawahi kufika Dar. Capital yenu ni poa, shida ni joto."

"Dar si makao makuu. Makao makuu ni Dodoma."

"Dodoma? Shosho, wacha. Capital gani haina bahari?"

"Nairobi yenu ina bahari?"

Akacheka mpaka mlinzi wa pale akageuka.

Kwa kuwa tulikuwa tumefungwa pale, nikamweleza. Nilimwambia nilikuwa mke mgeni, mwanangu wa kwanza mgongoni, redio iliposema serikali inahamia kwetu. Baba mkwe alikuwa na tembe ya udongo na shamba la uwele. Wakaja wapimaji na minyororo yao, wakapigilia kigingi cha zege katikati ya uwele wangu, chenye namba kichwani. Wakasema, "Mama, usiking'oe. Makao makuu yatapita hapa." Sikuking'oa. Nikawa nafagia kukizunguka. Mwaka ukapita, kumi ikapita, maofisi yako Dar. Watu wakituona wanacheka, makao makuu ya vumbi. Tukaambiwa tembe zisijengwe tena, mbuzi wasizurure, hapa ni mjini. Mjini wapi, na fisi tunawasikia! Wanangu wote walijifunza kusimama dede kwa kushika kile kigingi.

"Sasa mlikuwa mnangoja nini miaka yote hiyo?" akauliza.

"Mlango," nikamwambia. "Ukikaa makao makuu, mlango wa serikali uko karibu. Mtu wa vijiji vya mbali akitaka karatasi ya mwanawe analala stendi siku tatu. Mimi nimeacha ugali jikoni, nimeenda na kandambili, nimerudi haujapoa. Sasa Bunge liko kwetu, na chuo kikuu kimeota kule kilimani. Ndicho nilichokuwa nangoja."

Akaitikia, "Hiyo ni kweli, shosho. Mimi cheti changu kilinichukua safari nne." Wakatuita ndege.

Nairobi hadi Dubai

Ndani ya ndege walitupa chakula kwenye sinia la plastiki, kila kitu kimefungwa kama dawa. Mkate, wali kiganja kimoja, na kuku ambaye sikuona mfupa wake. Nilimwuliza Nafula kuku huyu alisimama na nini. Nilikula, nilikuwa na njaa.

Tulitua asubuhi. Uwanja wa ndege wa Dubai, wenzangu, una minazi ndani ya nyumba. Nilishika mmoja nijue ni mti au ni mchoro. Sakafu inakuonyesha uso wako. Nilitembea taratibu kama niko kanisani, maana sikutaka kuchafua.

Kwenye ukaguzi ndipo mlenda uliponiponza. Nilibeba mfuko wa mlenda mkavu, mboga ile niliyoisaga mwenyewe, kilo nzima, kijani kibichi. Askari, mama mmoja kavaa nguo nyeusi, akaufungua, akaunusa, uso ukabadilika. Akaita mwenzake. Yule akaita wa tatu. Nikasimama pale na kitenge changu, watu wote wanapita wananitazama.

Nafula akaanza Kiingereza, mikono inapaa. Wao wanatikisa vichwa. Yule mama akaniuliza kitu, Nafula akanitafsiria: "Shosho, anauliza hii unga unaivuta ama unaifanyia nini."

"Mwambie naila."

"Anasema watu wanasemanga hivyo."

Basi nikachota kwa vidole vitatu, nikaweka mdomoni, mbele yao. Mlenda mkavu, wenzangu, bila maji! Ukanishika meno yote, ute ukaanza kutoka, nikijaribu kufunga mdomo unavutika. Yule mama askari akajikaza, akajikaza, akaangua kicheko akaegemea meza. Wakaupitisha kwenye mashine yao hata hivyo, tukangoja tena. Mwisho akanifungia mfuko mwenyewe, vizuri, akafunga na fundo. "Khalas, mama. Yalla." Yaani yamekwisha, haya nenda.

Nafula alikuwa analia kwa kucheka. "Shosho, kwetu hiyo tunaita mrenda. Umeingiza mrenda Dubai. Leo nakula mpaka nilale."

Discovery Gardens

Barabara ya kutoka uwanja wa ndege ni pana, mngeweza kulima zabibu za kikundi kizima katikati na magari yapite. Pembeni maghorofa. Nilianza kuhesabu dari kwa dari nikaacha, shingo iliuma. Mengine yamesimama hayajaisha, winchi juu zimetulia tu, nikajua ndiyo kazi za Lameck hizo. Na liko moja lililopita mengine yote, ncha yake ilikuwa ndani ya wingu. Nilimwambia dereva wa teksi apunguze mwendo. Mtu aliyejenga lile alikuwa na mikono miwili kama yangu. Nilisema moyoni, Bwana, binadamu umempa akili nyingi sana.

Discovery Gardens ni mtaa wa majengo mafupi yanayofanana kama mayai, mbali na mji, na bustani katikati. Mchanga mtupu chini, lakini maua yamechanua; kila shina lina kijibomba chake kinachodondosha maji. Nilikitazama kijibomba kile muda mrefu kuliko ghorofa. Kwetu tunaambiwa ardhi kame haioteshi kitu. Haya.

Nyemo alifungua mlango. Amekonda. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukaacha. Nyuma yake, amejibanza kwenye pazia, kasimama Leah. Nywele za mabutu, macho ya Mzee kabisa.

Sasa mimi nikafanya kama bibi yeyote wa kwetu angefanya. Nikashika kiuno, nikakunja uso: "Kumbe ndiye wewe! Mwizi wa mume wangu! Mzee kila siku Leah, Leah, mimi hanioni. Nimekuja kukukamata, mke mwenza!"

Kwetu mtoto angejibu, ningemfukuza, angejificha kwa babu, tungecheka. Huyu akaniangalia, akakimbia chumbani akafunga mlango kwa komeo.

"Mama!" Nyemo akasema. "Hapa hajawahi kutaniwa. Kila mtu anamwita darling."

"Sasa mimi nimwite nani? Ni mke mwenzangu."

"Hajui. Hana bibi hapa, hana babu. Utani kauona wapi?"

Hakutoka mpaka nilipolala. Sikupata usingizi vizuri. Nilimtukana mtoto ambaye hajui kuwa hatukanwi.

Asubuhi ndiyo iliyonivunja. Nimeamka, Nyemo keshaondoka kwenda kazini, Nafula yuko bafuni. Leah amepanga vitu vyake vyote sakafuni mbele ya godoro langu, kwa mstari. Penseli za rangi, mdoli asiye na mguu, viatu, kijiko, na sabuni ndogo ya hotelini yenye karatasi. Amekaa pembeni, mikono magotini.

"Sijaiba," akasema. "Hii sabuni Mama aliniletea. Angalia vyote. Usimwite polisi."

Nafula alitoka akatukuta vile. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Shosho, huku kila siku tunawafunza watoto: usiguse, usiokote, usichukue kitu ya mtu, polisi. Amefikiri umekuja kumshika kweli."

Mimi si mtu wa kuomba radhi, mnanijua. Nikakaa chini sakafuni, magoti haya haya, nikamwambia, "Leah, hukuiba kitu. Bibi ndiye mkosaji." Akaokota vitu vyake kimoja kimoja akavirudisha kwenye mfuko. Hakusogea karibu. Siku tatu nikawa napika, anakula mbali. Mlenda aliutazama akasema unatembea. Jioni ya tatu Nyemo akaketi kitandani akaniambia, "Mama, nadhani nitaandika barua ya kuacha kazi." Nikamwambia ningoje mpaka siku yako ya mapumziko. Sikuwa na mpango. Nilisema tu.

Deira, ng'ambo ya hori

Siku ya mapumziko Nyemo akatupeleka mji wa zamani, mimi, yeye, Leah na Nafula. Pale bahari imeingia ndani ya mji kama mto, ndiyo hori, nao wameuacha mji ukae pande zote mbili. Unavuka kwa mashua ya injini, watu wamekaa migongo kwa migongo, Wahindi, Wapakistani, wapishi, wenye suti, wote nauli moja. Nilipenda hilo. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Ng'ambo ya pili ni Deira, masoko ya viungo. Tukapita duka la mzee mmoja wa kanzu, ndevu nyeupe, amekaa kwenye kigoda kati ya magunia. Nikamwambia Nyemo, "Karafuu hizi zimekauka vibaya." Yule mzee akainua kichwa.

"Zimekauka vibaya wapi, bi mkubwa? Hizo zimetoka Pemba."

Kiswahili kilichonyooka! Nikashtuka. Kumbe alizaliwa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akaja huku kijana, hakurudi. Nitamwita Bwana Said. Akatuwekea viti, akaagiza chai ya maziwa yenye iliki.

"Mwatoka wapi bara?"

"Dodoma. Mimi ni Mgogo."

"Lo! Mgogo!" Akajipiga paja. "Enyi watu, ficheni senti zenu, ombaomba kavuka bahari!"

Nami nikamrudishia hapohapo. "Sijaja kuomba, nimetumwa. Wameniambia kuna Mpemba mmoja alitoroka na ufunguo wa bohari, karafuu zinaoza, nimrudishe."

"Mpemba? Mie Muunguja! Ulimi wako hauna adabu."

"Na ndevu zako hazina wembe."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Dodoma. Nikageuka, nikamwona Leah. Ameacha kikombe mdomoni. Anamtazama yule mzee, ananitazama mimi.

"Mama," akamnong'oneza Nyemo, na sote tukasikia, "wanagombana?"

Bwana Said akamwinamia. "Hatugombani, mwanangu. Huu ni utani. Namtukana bibi yako kwa kuwa simchukii. Nisiyempenda namwambia shikamoo tu, basi."

Leah akafikiri. "Na polisi hawaji?"

"Wakija tutawatania nao," akasema mzee, akamjaza kiganja zabibu kavu.

Tukakaa pale mpaka jua likapinda. Nilimwuliza Bwana Said kama Dubai ndiyo makao makuu ya nchi, maana uzuri ule sikuona mji mwingine ungeupitaje. Akasema hapana. Ya nchi nzima ni Abu Dhabi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Lakini nchi hii ni kama kamba yenye nyuzi saba, kila sehemu na mtawala wake na mji wake, na Dubai ni mji mkuu wa sehemu yake.

Nikamgeukia Nafula. "Umesikia? Mji maarufu ni mwingine, makao makuu ni mengine."

"Shosho, umeshinda," akasema. "Nitoe kwa hiyo maneno."

Bwana Said akatuelezea alivyoikuta Dubai, na alivyohadithiwa na waliomtangulia. Nyumba za makuti ya mtende. Wenye uwezo, nyumba za mawe na minara ya kunasa upepo ushuke ndani. Watu walizamia lulu, wengine hawakuibuka. Maji ya kununua, yanakuja kwa punda. Mtawala alikaa hapahapa ufukweni, na mwenye shida alikwenda kuketi barazani kwake, akasikilizwa.

"Ndilo lililonifunga mie hapa," akasema. "Nilikuja sina mtu. Nikaona penye baraza la mtawala, mfanyabiashara yupo, hakimu yupo, tabibu yupo. Nikasema, hapa hata mgeni anajulikana kuwa amekuja. Hizo taa na maghorofa zimenikuta nimeshakaa."

"Mlingoja muda gani yafike hayo?"

"Hatukungoja, bi mkubwa. Tulikuwa tunafagia tu mbele ya duka."

Wenzangu, neno hilo lilinigusa. Mimi nimefagia kukizunguka kigingi umri wangu mzima nikidhani nangoja. Nilitazama ule mji, ile mashua inayovuka, zile ghorofa ng'ambo, nikaona kuwa nao ulianza na makuti na wanawake wenye mafagio. Sikuona wivu. Niliona heshima.

Tulipovuka kurudi, Leah alikaa kati yangu na mama yake. Bega lake lilikuwa kwangu.

Kurudi

Siku ya kuondoka, Nafula alibeba begi. Mlenda uliobaki nilimwachia, akaupokea kama sakramenti. Nyemo alijikaza njia nzima. Tulipofika pale ambapo asiyesafiri haruhusiwi kupita, akapiga magoti.

"Leah. Mama hakulazimishi. Ukisema hutaki, narudi na ninyi wiki ijayo. Sema kweli."

Mimi nikageuka pembeni. Hilo halikuwa la kwangu kusikiliza. Nilitazama minazi ile ya ndani ya nyumba, nikaomba kimoyomoyo, maneno machache.

Nikavutwa kitenge. Leah amesimama pale, machozi yote usoni, mfuko wake wa vitu begani. Ameshika kiuno.

"Twende, mke mwenza," akasema. Sauti inakatika. "Mume wetu anangoja. Na wewe unatembea kama kobe."

Nikamshika mkono. Nyemo alicheka huku analia, Nafula akaruka kabisa. Tukaenda. Kwenye ndege akachukua kiti cha dirishani bila kuniuliza.

Tulipofika Dodoma, upepo wa vumbi ule ule. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bibi, hii ndiyo capital?"

"Ndiyo hii."

"Mbona maghorofa hakuna?"

"Yako mengine yanakuja. Kamata ufagio."

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amevaa shati la kanisani. Leah akanipita kama hanijui, akaenda akamwamkia vizuri, shikamoo babu. Halafu akakiona kile kigingi, chenye namba kichwani, kando ya nyumba ya mama yake. Akakizunguka. Nikamweleza: hicho ndicho makao makuu, mama yako na wajomba zako wote walijifunza kusimama hapo. Akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakikalia, miguu hewani.

"Mke mwenza," akaniambia, "hiki kiti changu. Wewe tafuta chako."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hapo simu ikalia. Nyemo, sauti ndogo kutoka mbali kule: "Mama, mmefika? Analia?"

Nikamwambia, "Endelea na kazi, mwanangu. Hapa anayelia ni mimi. Nimenyang'anywa mume, nimenyang'anywa na makao makuu."